Zamu Getini: Gharama za Leseni za Lango Lenye Watumiaji wa Nje

Lango la kibiashara, kwa maana itakayotumika katika mazungumzo haya, ni tovuti ambayo kampuni huifungulia watu wasio waajiriwa wake, yaani wateja, wasambazaji, madereva na mawakala, ili waingie kwa jina na nenosiri lao, waone mambo yanayowahusu na kumaliza shughuli zao bila kupiga simu wala kufika ofisini. Leseni ya programu nayo ni ruhusa: anayelipia programu hainunui kama anunuavyo meza au pikipiki, bali hupewa haki ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa, na sharti moja kati ya hayo, lile linalosema ni nani anayehesabiwa kuwa mtumiaji na anahesabiwa kwa kipimo gani, laweza kulifanya lango hilohilo, lenye kazi ileile na kompyuta ileile, ligharimu chini ya dola elfu nane kwa aliyeusoma mkataba na zaidi ya dola laki moja na elfu arobaini kwa asiyeusoma. Hakuna chumvi iliyotiwa hapo, na hesabu yenyewe itafanywa mbele ya msikilizaji.

Mahali pa kuifanyia hesabu hiyo ni Kinindo, mtaa wa kusini mwa Bujumbura ulio karibu na Ziwa Tanganyika, ambako baadhi ya nyumba za makazi zenye ukuta na geti zimegeuzwa kuwa ofisi. Kampuni itakayotumiwa ni ya kubuni, lakini kazi yake inajulikana na kila mfanyabiashara wa mji huo: ni wakala wa forodha na usafirishaji, ina wafanyakazi 18, na inahudumia wateja 600 ambao bidhaa zao hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha hupanda treni hadi Kigoma na meli hadi bandari ya Bujumbura, au hupakiwa kwenye malori na kuingia Burundi kwa mpaka wa Kabanga na Kobero. Mwenye duka la vipuri kule Buyenzi anataka kujua mzigo wake umefika wapi na unadaiwa kiasi gani, na kwa kuwa jibu la swali hilo tayari limo katika kompyuta ya wakala, ni busara kumwekea mlango ajionee mwenyewe kuliko kumwacha apige simu mara nne kwa siku. Tatizo huanza pale fundi anapoombwa proforma, yaani ankara ya makadirio, akaandika bei ya seva, bei ya kutengeneza tovuti, na mwishoni mstari mmoja wenye neno leseni na tarakimu iliyokadiriwa kwa wafanyakazi 18, kana kwamba wale 600 hawapo.

Katika nyumba za Kinindo mtu wa kwanza kukutana na mgeni ni mlinzi wa getini, ambaye wakazi wa Bujumbura humwita zamu, na ujuzi mkubwa wa zamu ni kumtambua mtu wa nyumbani na mtu wa kuja. Mkataba wa programu nao una zamu wake, na zamu huyo ni ufafanuzi wa maneno mawili, mtumiaji wa ndani na mtumiaji wa nje. Kwa masharti ya Microsoft, kampuni ambayo programu zake zimeenea katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, mtumiaji wa nje ni yule ambaye si mwajiriwa wa kampuni iliyonunua leseni wala wa kampuni zake ndugu, na ambaye pia si mkandarasi au wakala anayefanya kazi katika majengo ya kampuni hiyo. Sehemu ya pili ya ufafanuzi huo ndiyo inayosahauliwa. Karani wa muda aliyeletwa na kampuni nyingine kusaidia kazi za forodha, akiwa amekaa kwenye meza ya ofisi ya Kinindo kuanzia asubuhi hadi jioni, anahesabiwa kuwa wa ndani hata kama mshahara wake unalipwa kwingine, na Waswahili wasemao kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, wangeuelewa mkataba huo bila mwanasheria, kwa kuwa aliyeshika jembe la nyumba amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya kampuni hiyo ni kupanga majina katika makundi kwa kuangalia mahali mtu anapofanyia kazi na nani anamtuma, na huenda wale 18 wakawa 23 kabla mteja yeyote hajahesabiwa.

Ufafanuzi huo hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine la programu ileile, na mfano mzuri ni SharePoint, programu ya Microsoft ya kutengenezea tovuti za kazi na malango ya kampuni. Katika toleo la 2010, kampuni iliyotaka kuwafungulia watu wa nje ilikuwa na leseni yake maalumu ya tovuti za intaneti, iliyotofautiana na ile ya matumizi ya ndani na iliyokuwa na bei ya juu sana kwa biashara ndogo; kuanzia toleo la 2013 leseni hiyo maalumu iliondolewa, na haki ya watumiaji wa nje ikaingizwa ndani ya leseni ya seva yenyewe. Kampuni iliyofanya makadirio kwa kutumia waraka wa zamani ingeweza kuuacha mradi kwa hofu ya gharama ambayo haikuwapo tena. Makadirio ya leseni, kwa sababu hiyo, hayana maana yasipotaja toleo la programu na tarehe ya waraka wa masharti uliosomwa.

Baada ya kujua ni nani anayehesabiwa hufuata swali la kipimo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nyuma ya lango lolote ipo hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu linalotoa jibu kila mteja anapouliza habari za kontena lake. Hifadhidata ya SQL Server ya Microsoft, katika toleo la kawaida la 2022, huuzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kununua leseni ya seva kwa dola 989, kisha kununua leseni ya ufikiaji kwa kila mtu anayeigusa hifadhidata hiyo, awe ameigusa yeye mwenyewe au kupitia tovuti, kwa dola 230 kwa kichwa. Njia ya pili ni kutohesabu watu kabisa na kulipia viini vya prosesa, yaani vile vitengo vidogo vya kukokotoa vilivyomo ndani ya ubongo wa kompyuta, ambavyo huuzwa viwili viwili kwa dola 3,945, na mnunuzi hawezi kununua pungufu ya viini vinne kwa kila prosesa. Bei hizi ndizo zilizotangazwa na kampuni yenyewe kwa toleo hilo. Muuzaji aweza kupunguza au kuongeza, lakini uwiano wake ndio unaofundisha.

Kwa njia ya kwanza, wafanyakazi 18 na wateja 600 ni watu 618, na 618 mara dola 230 ni dola 142,140, zikiongezwa 989 za seva jumla inafika dola 143,129. Kwa njia ya pili, seva yenye prosesa moja ya viini vinne inagharimu dola 7,890, wawe wateja 600 au elfu sita. Inafaa kuangalia kwa makini mahali ambapo njia hizo mbili hukutana, kwa sababu panashangaza kwa udogo wake: watu 30 kwa njia ya vichwa ni dola 6,900, na pamoja na leseni ya seva ni dola 7,889, pungufu ya viini vinne kwa dola moja tu. Maana yake ni kwamba ofisi ya watu 18 isiyo na lango inafanya vyema kulipia vichwa, lakini mara tu inapowafungulia wateja kumi na watatu wa kwanza imekwisha vuka mstari, na yeyote anayeendelea kuhesabu vichwa baada ya hapo analipia kitu ambacho hakumlazimu kukilipia.

Njia ya viini nayo ina mtego wake, nao umo dukani. Mnunuzi anayetaka mashine yenye nguvu akachagua prosesa ya viini vinane badala ya vinne, akiona tofauti ya bei ya mashine ni ndogo, amezidisha leseni ya hifadhidata mara mbili, kutoka dola 7,890 hadi 15,780, kwa sababu viini vyote vya mashine lazima vilipiwe hata kama vingine vimelala. Katika ununuzi wa namna hii mkataba husomwa kwanza na mashine huchaguliwa baadaye, ingawa desturi ya madukani ni kinyume chake. Tena kuna jambo ambalo muuzaji hana sababu kubwa ya kulitaja, kwamba hifadhidata hiyohiyo ina toleo dogo la bure liitwalo Express, ambalo katika toleo la 2022 huishia gigabaiti 10 kwa kila hifadhidata na halidai leseni ya mtu yeyote. Kumbukumbu za maandishi za wateja 600, yaani majina, namba za kontena, tarehe na kiasi kinachodaiwa, zinaweza kukaa humo kwa muda mrefu, mradi zile picha za hati za mizigo na ankara zilizoskaniwa, ambazo ndizo zinazojaza ghala, ziwekwe katika makabrasha ya kawaida nje ya hifadhidata. Uamuzi mdogo wa fundi kuhusu mahali pa kuweka picha unaweza kuwa na thamani ya dola elfu nane.

Mtu mwepesi wa hesabu, akiisha kusikia hayo, huja na wazo linaloonekana la akili: ikiwa kila anayeigusa programu analipiwa, basi iwekwe tovuti katikati, tovuti hiyo iingie katika programu kwa akaunti moja tu, na wale wateja 600 wazungumze na tovuti, si na programu. Wazo hilo lina jina la kitaalamu, ufikiaji usio wa moja kwa moja, na limewahi kupelekwa mahakamani katika kesi inayostahili kujulikana na kila mwenye lango.

Diageo, kampuni ya vinywaji ya Uingereza iliyojulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi kwa kumiliki zaidi ya nusu ya hisa za East African Breweries, watengenezaji wa bia ya Tusker, ilitia saini mkataba na kampuni ya Ujerumani ya SAP mwaka 2004 ili kutumia programu yake ya kuendeshea shughuli zote za kampuni, kuanzia maghala hadi hesabu za fedha. Mkataba ulihesabu watumiaji kwa majina, kila mmoja na daraja lake, na kwa miaka iliyofuata Diageo ililipa kati ya pauni milioni 50 na 61 za leseni na matunzo. Kisha ikatengeneza mifumo miwili juu ya jukwaa la kampuni nyingine, Salesforce: mmoja wa wauzaji wake waliozunguka madukani, na wa pili, ulioanza mwaka 2012 kwa jina la Connect, ukiwa ni lango ambalo wateja wapatao 5,800 waliagizia bidhaa wenyewe badala ya kupiga simu katika kituo cha maagizo. Mteja hakuiona programu ya SAP, hakuwa na nenosiri lake na huenda hakujua kuwa ipo. Alibonyeza agizo katika tovuti, na agizo hilo likapita katika programu ya kuunganisha mifumo hadi ndani ya SAP. SAP ilidai takriban pauni milioni 54.5 za ziada.

Utetezi wa Diageo unagusa moja kwa moja picha ya zamu wa Kinindo, kwa kuwa kampuni hiyo ilisema kuwa ile programu ya kuunganisha, ambayo nayo iliuzwa na SAP na ilikuwa imelipiwa, ilikuwa ndiyo mlinda geti, na kwamba aliyekwisha kumlipa mlinda geti hadaiwi tena kwa kila anayepita. Tarehe 16 Februari 2017 Jaji O'Farrell wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliukataa utetezi huo. Aliona kwamba mteja anayeagiza bidhaa na kutazama hali ya akaunti yake kupitia Connect anaitumia programu ya SAP, ingawa si moja kwa moja, na mkataba ulitaka kila anayeitumia, kwa njia yoyote ya hizo mbili, awe na leseni ya jina lake. Kiasi cha kulipa kiliachwa kiamuliwe baadaye. Watu wengi waliisoma hukumu hiyo kama ushindi wa muuzaji mkubwa dhidi ya mnunuzi mkubwa, lakini uzito wake hasa uko kwa wanunuzi wadogo, ambao hawana mawakili wa Diageo wala pauni zake. Kosa la Diageo halikuwa udanganyifu. Mkataba ulioandikwa zama za simu ulitumiwa katika zama za lango, na hakuna aliyerudi kuusoma upya siku wateja walipohamishwa kutoka simu kwenda kwenye tovuti. Kampuni ya Kinindo inayomwambia mwenye duka wa Buyenzi aache kupiga simu na aanze kuingia kwenye tovuti inafanya uhamisho uleule, kwa udogo wake.

Mwezi Aprili 2018 SAP ilitangaza kipimo kingine, cha kuhesabu hati badala ya watu: oda, ankara na hati nyingine zilizopangwa katika aina tisa, ambapo kinacholipiwa ni hati inayozaliwa ndani ya mfumo. Mikataba ya Microsoft nayo inasema waziwazi kwamba kuweka tovuti au kifaa katikati ili kukusanya watu wengi kwenye mlango mmoja hakupunguzi idadi ya leseni zinazohitajika. Na kipo kipimo cha ajabu zaidi ya vyote, kile ambacho kampuni ya Oracle ilikianzisha mwezi Januari 2023 kwa Java, programu ambayo programu nyingine nyingi huitegemea ili zifanye kazi, ambapo kampuni hulipia wafanyakazi wake wote, pamoja na dereva na mpishi wasioigusa kompyuta, kwa dola 15 kwa mtu kwa mwezi kwa kampuni zenye wafanyakazi chini ya elfu moja. Wafanyakazi 18 ni dola 3,240 kwa mwaka kwa kitu ambacho kina ndugu yake wa bure, OpenJDK, anayefanya kazi hiyohiyo. Wateja 600 hapo hawahesabiwi kabisa. Kila muuzaji, kwa ufupi, ana namna yake ya kuhesabu, na mwenye kukadiria hana budi kurudia hesabu ya watu walewale kwa kila mkataba anaousoma.

Kampuni isiyotaka kuweka seva ofisini, na sababu zipo, kwa maana umeme hukatika na mafuta ya jenereta hayapatikani kila siku, hukodi lango lililokwisha kutengenezwa katika kompyuta za mbali, utaratibu ambao watu wameuzoea kwa jina la wingu. Huko malipo ni ya kila mwezi. Power Pages ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2022, ilipangiwa bei ya dola 200 kwa mwezi kwa kila watumiaji 100 wanaoingia kwa akaunti katika tovuti moja, na dola 75 kwa kila wageni 500 wanaosoma kurasa za wazi bila kujitambulisha. Neno la kushikilia hapo ni wanaoingia: hahesabiwi aliyesajiliwa, anahesabiwa aliyeingia katika akaunti yake ndani ya mwezi huo, na hata akiingia mara arobaini anabaki kuwa mmoja. Ikiwa kati ya wateja 600 ni 230 tu wenye mzigo njiani katika mwezi mmoja, kampuni inahitaji vifurushi vitatu, dola 600 kwa mwezi au 7,200 kwa mwaka. Ikikadiria kwa idadi ya waliosajiliwa itatenga vifurushi sita na dola 14,400. Wauzaji wengine hata hivyo huhesabu kila kuingia, na kwao yule anayeingia mara arobaini ni arobaini. Mfanyabiashara mwenye wasiwasi wa mzigo ni mtu wa kuingia mara arobaini.

Kwa hiyo takwimu yenye manufaa kuliko zote tayari iko ofisini na haihitaji mtaalamu kutoka nje, nayo ni daftari la simu na majalada ya mizigo ya miezi kumi na miwili iliyopita. Karani akikaa nalo siku mbili ataweza kuandika, kwa kila mwezi, ni wateja wangapi tofauti waliouliza habari na waliuliza mara ngapi, na ataona pia mwezi uliojaa kuliko yote, kwa sababu uwezo wa lango hununuliwa kwa kuangalia mwezi huo, wala si wastani. Daftari hilo litamwonyesha jambo la tatu: duka moja lina watu wawili au watatu wanaouliza kwa niaba ya bwana mmoja, mpwa asubuhi na mke jioni, na wote watatumia nenosiri moja kwa simu tofauti. Kwa mikataba inayohesabu mtu mmoja mmoja huo ni ukiukaji, hata kama kwa familia hiyo ni jambo la kawaida kabisa, na aliye mwaminifu katika makadirio huwahesabu watatu badala ya kungoja mkaguzi wa leseni aje kuwahesabu.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani kuhusu leseni havina sababu ya kuligusa, na ambalo Bujumbura ni nusu ya hesabu. Leseni hulipwa kwa dola, wateja hulipa kwa faranga. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola nchini Burundi ilipanda kwa karibu asilimia 38, na zile dola 7,200 za lango la kukodi, ambazo kwa bei ya awali zilikuwa karibu faranga milioni 15, zikawa zaidi ya milioni 20 bila muuzaji kuongeza hata senti moja. Na hiyo ni bei rasmi, ambapo mwenye kukosa dola benki hukutana na bei nyingine iliyo juu zaidi. Bei si tatizo pekee, kwani kuna pia upatikanaji wa dola zenyewe. Leseni ya kununua mara moja, hata iwe ghali, huombewa fedha za kigeni mara moja, na ikishapatikana seva haizimiki kwa sababu benki imechelewa. Ada ya kila mwezi huomba dola mara kumi na mbili kwa mwaka, na mwezi mmoja ambao kadi ya benki imekataa unaweza kuwafungia nje wateja 600 wakati mizigo yao iko Kigoma. Ushauri wa kawaida duniani leo ni kukodi, kwa kuwa malipo ya kwanza huwa madogo. Kwa biashara inayopata faranga, ushauri huo ni mbovu mpaka muuzaji akubali malipo ya mwaka mzima kwa pamoja, au mpaka awepo wakala wa ndani anayetoa ankara kwa faranga. Juu ya yote kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Burundi ni asilimia 18, pamoja na kodi ya zuio juu ya malipo yaendayo nje, lazima ziulizwe kama zimo ndani ya bei au zinakuja nyuma yake.

Programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzirekebisha bila kulipia leseni, zinastahili kuwekwa mezani kwa uzito uleule, tena si kama njia ya maskini. Wizara ya Afya ya Burundi, kama wizara nyingi za afya barani Afrika, hukusanya takwimu zake kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hailipi ada kwa kila muuguzi anayeingiza takwimu. Kwa upande wa hifadhidata, PostgreSQL haihesabu vichwa, viini wala miezi. Odoo, programu ya biashara iliyozaliwa Ubelgiji na kuzoeleka katika nchi zitumiazo Kifaransa, ina toleo huria lisilolipiwa, na hata katika toleo lake la kulipia inahesabu watumiaji wa ndani peke yao, huku mteja anayeingia langoni kutazama ankara yake akiwa hana ada. Kwa kampuni yenye watu 18 ndani na 600 nje hiyo ni tofauti kubwa mno. Gharama hapo huhamia kwa watu. Fundi anayeijua programu hiyo, aliyepo Bujumbura, anayepokea simu usiku, na mwenzake anayeweza kushika kazi akiugua, hao ndio wanaopaswa kuandikwa katika safu ya leseni, mwaka hadi mwaka, kwa kiasi halisi cha mshahara wao, na kampuni inayoandika sifuri katika safu hiyo imejidanganya kama ile iliyowasahau wateja 600. Faida yake ni kwamba mshahara huo hulipwa kwa faranga.

Makadirio yanayotokana na haya yote hayaishii katika tarakimu moja. Huandikwa kwa miaka mitatu, kwa dola na faranga, na kwa hali tatu: wateja 230 kwa mwezi, wateja 400, na wote 600, na chini ya kila jumla hutajwa toleo la programu, kipimo kilichotumika na bei ya dola iliyokadiriwa. Kisha barua hupelekwa kwa muuzaji, kwa sababu maneno ya mdomo ya wakala wa mauzo hayana nguvu mbele ya mkaguzi. Barua hiyo huchora njia nzima ya mteja, kutoka simu yake ya mkononi Buyenzi hadi tovuti, kutoka tovuti hadi programu ya kuunganisha, na kutoka hapo hadi hifadhidata iliyoko Kinindo, na katika kila kituo huuliza ni leseni gani inayohitajika, kwa nani, kwa kipimo gani, na itakuwaje wateja wakiongezeka maradufu. Huuliza pia kama karani wa kuazimwa ni wa ndani au wa nje, na kama akaunti iliyokaa miezi sita bila kufunguliwa bado inahesabiwa. Muuzaji hutakiwa kujibu kwa maandishi, na jibu lake likifika lenye tarehe na sahihi, hutobolewa na kuwekwa katika faili moja na mkataba, ukurasa unaofuata mara tu baada ya ule wenye ufafanuzi wa mtumiaji wa nje.